Barua ya Wazi kwa Baba Askofu na Halmashauri Kuu: Vishikwambi Vimenunuliwa, Watoto Wamesahauliwa

Kwa: Baba Askofu, Msaidizi wa Askofu, Katibu Mkuu na wajumbe wote wa Halmashauri Kuu ya Dayosisi

Yah: Mpango wa vishikwambi, chaneli ya YouTube na kundi la WhatsApp katika shule za Jumapili

Baba Askofu, waheshimiwa wajumbe,

Bwana Yesu asifiwe.

Ninawasalimu kwa heshima zote, nikiwa mwalimu wa shule ya Jumapili katika mtaa mmoja wa milimani, tawi la usharika wetu wa Kilutheri, kwa mwaka wa 19 sasa. Nisingependa kuiandika barua hii hadharani. Ya kwanza niliiandika Novemba mwaka juzi, nikaipitisha kwa Mchungaji wa usharika na kwa Mkuu wa Jimbo kama utaratibu unavyotaka. Ya pili niliipeleka kwa mkono wangu Machi mwaka jana, ikagongwa muhuri wa kupokelewa huku nikiangalia. Julai tuliitwa walimu wanne mbele ya kamati ya habari na mawasiliano, tukasikilizwa kwa dakika kama ishirini, tukapewa soda, tukaambiwa kwamba jambo letu litafanyiwa kazi. Tangu siku hiyo hakuna aliyetujibu, na yale tuliyoyalalamikia yamezidi, ndiyo maana leo ninaandika mahali ambapo wazazi nao watasoma.

Kwa wasioujua mpango wenyewe, niueleze kwa kifupi. Miaka mitatu iliyopita Dayosisi ilitangaza kwamba watoto wote watafikishiwa Injili kwa njia za kisasa. Kila usharika uliagizwa kutenga sadaka ya Sikukuu ya Mikaeli na Watoto ya mwaka ule, kuongezea michango ya washarika, na kununua vishikwambi, projekta na spika, na Dayosisi kwa upande wake ikafungua chaneli ya YouTube na kundi la WhatsApp la shule za Jumapili. Usharika wetu ulipata vishikwambi 12 na projekta moja. Watoto walioandikishwa katika mitaa yetu mitatu ni 143. Sadaka ile ninaikumbuka kwa sababu tuliihesabu mimi na mweka hazina: sarafu za mia na za mia mbili, nyingine zikiwa bado na joto la viganja, na noti moja ya elfu moja iliyokunjwa na kukunjwa mpaka ikawa kama punje ya hindi. Vifaa hivi, basi, watoto walivinunua wao, na ninayoyaandika hapa chini ninawasemea wao.

1. Picha na majina ya watoto yanatangazwa bila ridhaa ya wazazi wao.

Hili ndilo kubwa, nami nitakaa nalo. Mpango ulianzishwa ili watoto walione Neno, lakini umeishia kuwa njia ya watu wazima kuwatazama watoto. Kila Jumapili kijana wa kamati huingia darasani na simu, huwapanga wenye nguo nzuri mbele, huwaomba warudie wimbo mara mbili au tatu ili sauti itoke vizuri, kisha huondoka kwenda mtaa mwingine. Somo lililokatishwa halimhusu. Jioni yake video iko mtandaoni, na chini yake pameandikwa jina la mtoto, mtaa wake na mara nyingine shule anayosoma.

Mwaka juzi binti wa miaka 11 alisema ngonjera siku ya Mikaeli na Watoto, akaisema vizuri mpaka wazee wakasimama. Wiki iliyofuata, chini ya video yake, mtu asiyejulikana kwetu alikuwa ameandika maneno kuhusu umbo la mwili wake na kuuliza namba ya simu ya nyumbani kwao. Nilipiga simu kwa kamati siku hiyo hiyo. Maneno yale yalifutwa baada ya siku tisa, na video yenyewe ipo mpaka leo, jina na mtaa vikiwa palepale. Mama yake hana simu ya kuingia mtandaoni. Habari hizi alizipata kwangu, tukiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na sitaki kueleza hapa namna alivyonitazama.

Waheshimiwa, ipo sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti, na zinazohusu imani ya dini vilevile. Video ya mtoto anayesali, yenye jina lake na mahali anapoishi, imebeba yote mawili kwa pamoja. Kwa jirani zetu Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za huko kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Siitakii Dayosisi yangu faini, wala sijaenda kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ninaonyesha tu kwamba hata wasiosali pamoja nasi wameliona jambo hili kuwa zito kuliko tulivyoliona sisi.

Tena dawa ya sehemu ya tatizo iko karibu mno. Mwaka 2019 Google ilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa madai kwamba YouTube ilikusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na tangu Januari 2020 kila mwenye chaneli anatakiwa kutamka iwapo video anayoipandisha imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Akitamka hivyo, sehemu ya maoni hufungwa, na matangazo yanayomwandama mtazamaji kwa kufuata tabia zake huzimwa. Ni kuchagua mara moja tu. Video za chaneli yetu hazikutamkwa hivyo, na kijana anayeisimamia alinieleza sababu bila kuficha: maoni yakifungwa, watazamaji watapungua. Simlaumu kijana yule, kwa maana aliyemtuma humpima kwa idadi ya watazamaji.

2. Kundi la WhatsApp halina mlango.

WhatsApp yenyewe haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti mwenyewe. Kundi letu lina watoto wa miaka tisa na kumi wanaotumia namba zao au za dada zao, na yeyote aliyepata kiungo huingia. Nimehesabu namba zaidi ya arobaini ambazo hakuna mwalimu anayezijua. Wengine ni watu wema wanaotafuta mistari ya asubuhi, sina shaka. Lakini hakuna mzazi anayeacha mlango wa chumba cha watoto wazi usiku kucha kwa sababu wapita njia wengi ni watu wema.

3. Matangazo ya kamari yanaingia katikati ya somo.

Hili nililiona kwa macho yangu, na watoto 31 waliliona pamoja nami. Tulikuwa tukionyesha katuni ya Daudi na Goliathi kwa projekta, moja kwa moja kutoka mtandaoni kama mwongozo ulivyoelekeza. Daudi alikuwa ameinama kijitoni kuokota mawe pale picha ilipokatika na kuingia tangazo la kubeti: kindege kinapaa, namba zinapanda, na sauti ya kijana inahimiza mtu atoe pesa zake kabla hakijapotea. Mtoto wa darasa la pili aliyekaa mkekani mbele kabisa alipaza sauti, "Toa! Toa sasa!" Wenzake wakacheka. Mchezo ule alikuwa anaujua, kwa kuwa kaka yake huucheza. Nilichomoa waya ukutani, maana rimoti hubaki ofisini, na kwa dakika nzima ukumbini palikuwa giza na kicheko.

4. Lugha.

Katuni tulizopewa ni za Kimarekani, zinazungumza Kiingereza cha kasi ambacho hata mimi niliyefundisha shule ya msingi maisha yangu yote nakifuata kwa shida. Mwongozo unasema mwalimu atafsiri. Mtu anayetafsiri juu ya sauti ya katuni hasikiki, na akisikika amechelewa. Matokeo yake, siku ile ya Daudi, tulipofanikiwa kuendelea, watoto walimshangilia Goliathi, kwa sababu ndiye aliyekuwa na sauti ya kuchekesha. Wiki iliyofuata nikauliza ni nani aliyeshinda. Mmoja akajibu, "Yule mnene alianguka, lakini atarudi." Nilicheka, kisha nikakaa na jibu hilo wiki nzima.

5. Vifaa vimefungiwa.

Vishikwambi vyetu 12 vimo kabatini katika ofisi ya usharika. Ufunguo anao mweka hazina, ambaye Jumapili ya pili na ya nne huwa na kwaya mtaa mwingine. Vitatu vimepasuka vioo, viwili vinatumika kuandikia taarifa za ofisi. Mtaa wetu umeme wake huja na kuondoka.

6. Walimu hawakuulizwa na hawakufundishwa.

Semina ilikuwa moja, ya saa tatu, nasi tulikwenda kwa furaha. Tulifundishwa namna ya kushika simu ili picha isitikisike, namna ya kusimamisha watoto kulingana na mwanga, na namna ya kuandika maneno ya kuvutia chini ya video. Namna ya kumfundisha mtoto wa miaka mitano habari za Samweli kwa kutumia chombo kile haikuguswa. Tuliporudi tukakuta ubao wetu wa flana, pamoja na picha zake za kubandika ambazo baadhi zina umri mkubwa kuliko mimi, umepelekwa stoo kwa maelekezo kwamba zama zake zimepita. Niliutoa stoo mwenyewe, panya wakiwa wamekwisha kumla punda wa Balaamu, na ninautumia. Kwa habari ya Daudi huwa ninakwenda mtoni Jumamosi kuokota mawe matano laini. Kila mtoto huyashika, huyapima uzito, hubishana na wenzake ni lipi lililomwangusha lile jitu, na mpaka leo hakuna darasa lililowahi kukosa kujua aliyeshinda.

Ninajua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengine tulipewa pamoja na ile soda.

Tutaambiwa kwamba tunapinga maendeleo. Sisi ni Walutheri, na hoja hiyo haitupati. Martin Luther alipokwenda kukagua sharika za Saksonia mwaka 1528, alihuzunika kuona watu wengi hawayajui hata mambo ya msingi ya imani yao. Mwaka uliofuata Katekisimu Ndogo ilitoka, kwanza kama karatasi kubwa za kutundika ukutani, ndipo ikawa kitabu, ili baba na mama wawafundishe watoto nyumbani. Mtambo wa kuchapa ndio uliokuwa teknolojia ya siku zile, naye aliutumia kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Ila alianza kwa kwenda sharikani kuona watu wanajua nini na wanakosa nini. Kwetu mtambo umetangulia, na ukaguzi bado tunausubiri.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Kuanzia 1963 mpaka 1977, serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipoitwaa, redio ya Shirikisho la Walutheri Duniani ilirusha matangazo kutoka Addis Ababa, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi na watu wetu wenyewe. Mama yangu alivisikiliza kwenye redio ya jirani, na mpaka uzeeni aliweza kuigiza sauti za watangazaji. Mnara ulijengwa kwa fedha za mbali, na sauti ilikuwa yetu. Nikilinganisha na katuni tulizonazo leo, naona kwamba wazee wale walikuwa wametutangulia.

Na sisi tumejaribu. Mwaka jana, msimu wa masika, njia za mlimani zilipokatika na watoto wengi wakashindwa kuja, mwalimu mwenzangu alirekodi habari za Samweli kwa simu yake. Msimuliaji alikuwa bibi yake, mwinjilisti mstaafu mwenye sauti ya taratibu, na watoto watano wa jirani wakaitikia maneno ya Samweli kila alipoitwa usiku. Kwa mbali jogoo anasikika akiwika mahali pasipo pake. Rekodi ile ilipita simu kwa simu kwa bluutuuthi, bila bando, ikafika kwa wavulana wachungaji wa mbuzi upande wa pili wa bonde. Mtoto mmoja asiyeona, ambaye kwenye projekta huwa anakaa tu akingoja iishe, aliikariri yote, na sasa ndiye anayewarekebisha wenzake.

Tutaambiwa fedha hakuna. Hesabu yake ni hii. Rekodi ya sauti ya dakika kumi, kwa ubora unaotosha masikio ya watoto, ni takriban MB 5. Habari 52, moja kwa kila Jumapili ya mwaka, hazifiki MB 300, na kadi ya kumbukumbu ya GB 8 hubeba hizo zote, na ikabaki nafasi ya nyimbo za kwaya zote za jimbo. Video moja ya mtandaoni ya dakika ishirini huweza kula zaidi ya MB 100 kila inapoonyeshwa, na bando hilo hulipwa upya kila mara na walimu, kwa fedha za mfukoni.

Tutaambiwa wazazi hawajalalamika. Wazazi wengi wa milimani hawajaiona chaneli hiyo, na walioiona wanadhani ruhusa iliombwa kwa mwingine. Tutaambiwa pia kwamba marafiki wa Dayosisi walio ng'ambo hupenda kuona picha za watoto kabla ya kutoa msaada. Hili liliwahi kusemwa wazi mbele yangu, nami nilijibu, ninavyojibu sasa, kwamba marafiki hao huko makwao hawaruhusu picha ya mtoto wa mtu kurushwa hovyo, na tukiwaandikia kwa heshima watatuelewa upesi kuliko tunavyodhani.

Baba Askofu, waheshimiwa wajumbe, tunachoomba ni hiki. Video zote zinazoonyesha sura za watoto pamoja na majina au mitaa yao ziondolewe ndani ya siku 30, na kuanzia sasa pasiwepo picha ya mtoto itakayorushwa bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi, ridhaa anayoweza kuiondoa wakati wowote, kwa fomu ya Kiswahili chepesi ambayo mwinjilisti ataisoma kwa sauti kwa mzazi asiyejua kusoma. Video zitakazobaki zitamkwe kuwa ni za watoto na maoni yafungwe. Kundi la WhatsApp livunjwe, na badala yake kila mtaa uwe na kundi la wazazi na walimu peke yao, likisimamiwa na watu wawili wanaojulikana kwa sura. Katuni zisionyeshwe tena moja kwa moja kutoka mtandaoni. Zipakuliwe kwa njia halali na mwalimu azitazame zote kabla ya mtoto.

Tunaomba pia Idara ya Elimu ya Kikristo itenge sehemu ya sadaka ya Mikaeli ya mwaka huu kwa ajili ya kurekodi habari za Biblia kwa Kiswahili, zisimuliwe na wazee wetu na kuitikiwa na watoto wetu, zisambazwe kwa kadi za kumbukumbu na spika ndogo za sola. Walimu saba wa usharika wetu tuko tayari kuanza bila posho. Vishikwambi vitolewe kabatini na ufunguo akabidhiwe mwalimu wa zamu. Na iitwe semina nyingine, ya siku mbili angalau, itakayohusu kufundisha, nasi tutakuja na ubao wetu wa flana kuonyesha tunachokijua.

Mwisho, tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya Sikukuu ya Mikaeli na Watoto ya mwaka huu. Lisipofika, siku hiyo hatutaruhusu simu wala kamera darasani wala mbele ya madhabahu watoto wanapohudumu. Ngonjera itasemwa, sadaka itatolewa, na yeyote atakayependa kuwaona watoto, akiwamo Baba Askofu mwenyewe, tutamkunjulia mkeka aketi nao.

Wenu katika shamba la Bwana,

Mwalimu wa shule ya Jumapili, kwa niaba ya walimu saba wa usharika
(Majina na sahihi zetu zimo katika nakala iliyowasilishwa Ofisi Kuu, na katika barua mbili zilizotangulia.)

Nakala:
Mkuu wa Jimbo
Mchungaji wa usharika
Wazazi na walezi wa watoto 143